Kufuli la Tarishi

...kwa hiyo yupo, mashine yenyewe inasema yupo, nimeiuliza na imejibu, nimeiuliza tena na imejibu vilevile, namba iliyoandikwa ndani ya kufuli iko hai, inafanya kazi, na kama namba iko hai basi Tarishi yupo kazini, na kama Tarishi yupo kazini mbona majibu hayaendi, mbona wauguzi wanapanda ngazi na karatasi mkononi kama zamani kabla hatujaletewa hizi kompyuta, na Mama Vipimo, mkuu wetu wa maabara, amesimama hapo mlangoni na koti lake jeupe, mikono kaikunja, hasemi kitu, na yeye akinyamaza ndiyo mbaya zaidi, afadhali angegomba nikajua moja, "Bado?" anasema, "Bado kidogo, mama," nasema, na hiyo kidogo nimeshaisema tangu umeme urudi, sijui kidogo gani isiyokwisha... jambo lenyewe dogo, mtoto wa darasa la nne angelielewa, Tarishi ni programu, anakaa humo ndani ya seva chinichini, hana dirisha wala kitufe, hakuna anayemwona, kazi yake kuchukua majibu ya vipimo hapa maabara na kuyapeleka wodini kwenye skrini za madaktari, basi, na kila akiamka jambo la kwanza anaweka kufuli, si la chuma, ni faili tu, kifaili kidogo kisicho na kitu ndani ila namba aliyopewa na mashine siku hiyo, kama mtu anayetundika koti lake kwenye kiti ili wengine wajue kiti kina mwenyewe, akija Tarishi mwingine akalikuta anageuza, na mwenyewe akimaliza kazi analifuta anaondoka, hakuna ugomvi, wawili hawakutani... ila leo umeme ulikatika ghafla na zile betri za akiba hazikushika hata kidogo, Tarishi akafia kazini, hakufuta chochote, umeme uliporudi akaamshwa Tarishi mpya, akakuta kufuli, akasoma namba, akauliza mwenye namba hii yupo, akajibiwa yupo, akageuza zake kwa adabu kabisa na kuniachia mstari mmoja kwenye skrini, Tarishi mwingine yupo kazini, na huo mstari ndio ninaouangalia mpaka macho yananiuma, kwa sababu nimekaa humu miaka, najua Tarishi akiwa hai anavyokuwa, taa ya mtandao inacheza, majibu yanapungua kwenye foleni, na hapa taa imetulia na foleni inazidi kuwa ndefu, yupo lakini hayupo, sasa nifanyeje.

Kulifuta ni kubonyeza tu, hilo nalijua, Washa-Zima angeshalifuta na kwenda kunywa chai, ndiye aliyekuwa na kazi hii kabla yangu, Washa-Zima tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote, zima halafu washa, na siku moja majibu yakawa yanakwenda polepole, akadhani Tarishi kafa, kumbe kachoka tu, hakuuliza, akafuta kufuli akaamsha mwingine, mchana mzima wakawa wawili, kila mmoja anachota kwenye kapu moja na kuandika kwenye daftari moja, huyu anaanza mstari yule anaumalizia, jina la huyu na damu ya yule, mzee mmoja wa wodi ya wanaume akaambiwa ana mimba ya wiki nane, hospitali nzima ilikufa kwa kicheko, mzee mwenyewe alicheka, akamwuliza daktari sasa nani atakayenilea, lakini ghorofa ya chini kulikuwa na mama akaambiwa damu yake safi, nenda nyumbani, na haikuwa safi, wanawe wakamrudisha wamembeba, alipona, mungu saidia alipona, ila hapo hakuna aliyecheka, na aliyegundua ni huyu Mama Vipimo, alipita kitanda hadi kitanda na majibu ya karatasi akilinganisha, miguu ikamvimba, kwa hiyo hapo mlangoni hanikimbizi, nimemjua sasa, anasimama tu ili nisije nikafanya haraka, mtu wa ajabu huyu, ukimya wake unanisukuma na wakati huohuo unanizuia... na mimi nilipochukua kazi nilijua kuna aina nyingine ya kufuli, lile linaloshikwa na mfumo wenyewe, mwenyewe akifa tu linafunguka, huhitaji kuuliza wala kufuta, ningeweza kulibadilisha kwa wiki moja tu ya kazi, nikawa nasema mwezi ujao, mwezi ujao, labda nilipenda hili la kizamani, kwamba mtu akiondoka ghafla kitu chake kinabaki pale pale alipokiacha na hakuna anayekigusa mpaka mtu mwingine aje aulize, nyumbani kwa mama miwani ya baba bado ipo juu ya redio, siyo mama aliyeiacha pale, ni mimi, mama alitaka kumpa mjomba nikamwambia iache.

Simu inatetemeka mezani, inajisogeza pembeni ya kipanya, naitupia jicho nikidhani ni wodini wanataka kugomba, inasema Baba... inasema Baba na picha yake, ile niliyompiga akiwa anatafuta miwani nyumba nzima na miwani iko juu ya paji la uso, anacheka kwa sababu mimi nacheka na bado hajajua ninachochekea, na simu inaita, Baba anapiga, inaita, na mimi najua ni nani, si mjinga, nimemzika mwaka jana, nilisimama pale nikaona mchanga unavyorudishwa, najua kabisa kwamba kampuni ya simu namba ikikaa kimya miezi inaichukua na kumpa mtu mwingine, haikosi usingizi, namba ni namba, na mwenye namba sasa ni mtu mzima mwenye shughuli zake, fundi wa friji, ndivyo alivyomwambia mama, najua yote hayo na bado kidole hakiendi, kwa sababu nikipokea itatoka sauti, na sauti haitakuwa yake, lakini sasa hivi, hapa inapoita, kabla sijapokea, ni Baba anayepiga, si imeandikwa... inaita tena, na hapo ndipo ninapomkamata, baba hakuwahi kuacha simu ikaita namna hii, baba alikuwa wa kubipu, inalia mara moja anakata, maana yake nipigie wewe, salio lake alilitunza kama mboni ya jicho, mpaka mama alikuwa anamwambia wewe hilo salio utazikwa nalo, na wanacheka wote wawili, huyu anayepiga sasa anapiga kwa raha zake, hana haraka, anasubiri, si baba... imenyamaza. "Huipokei?" anasema Mama Vipimo. "Siyo muhimu, mama," nasema, na nikishasema nataka kuyarudisha mdomoni, siyo muhimu, simu iliyoandikwa Baba.

Kaka ndiye aliyeligundua hili la mama, kaka yangu mkubwa, aliyejipa kazi ya baba tangu siku ya mazishi bila kuulizwa, alimkuta mama uani kakaa kwenye kigoda, simu sikioni, anacheka, akamwuliza unaongea na nani, mama akasema na namba ya baba yenu, hivyo tu, kama anasema naongea na jirani, kaka akaja kwangu jasho linamtoka, "Mama anaongea na marehemu," akasema, nikamwambia marehemu hapokei simu, akasema basi ni tapeli, ndiyo mbaya zaidi, watu siku hizi wanamla mtu mpaka mifupa, kwanza anakuwa mwema, anasikiliza, halafu siku moja anasema mama nimekwama, "Wewe ndiye mtu wa kompyuta," akasema, "njoo uizuie ile namba kwenye simu ya mama," nikasema nitakuja, sikwenda, akasema tena nikasema tena nitakuja, siyo kwamba nilikuwa na hoja, nilimwelewa kaka, mama mjane peke yake na mtu tusiyemjua kwa sura wala ukoo, kila siku, kila siku wanaongea, nani angekubali, ila nilijiambia mama bado hajakubali kwamba mzee kaondoka, ndiyo maana anapiga, aliipiga ile namba tangu ilipokuwa haipatikani, alikuwa anamsikiliza yule mwanamke wa kampuni anayesema namba haipatikani, anakata, anaendelea na vyombo vyake, na siku moja badala ya yule mwanamke ikatoka haloo ya mwanamume, nikajiambia masikini mama, ameng'ang'ania, mwache angalau ang'ang'anie penye mtu, nitamkata vipi kwa mkono wangu... na mimi je, sijampigia hata siku moja mimi, mimi nilirudi kazini haraka, seva hazijui msiba, niliwaambia watu niko sawa na nikawa sawa, kila aliyeniuliza nilimjibu tunamshukuru mungu, mpaka wakaacha kuuliza.

Tulia, rudi kwenye namba, kuuliza namba ipo au haipo hakutoshi, hapo ndipo Tarishi mwenyewe alipoishia, anauliza ipo, anajibiwa ipo, anaamini, lakini mashine ikizima ikawaka inaanza kugawa namba upya kuanzia chini, haikumbuki nani alikuwa nani, inampa yeyote aliyefika, kwa hiyo usiulize namba, uliza jina, na uliza ameanza lini... naandika, nasubiri, naambiwa jina, ni ile programu ya printa, inayohudumia ile printa kubwa ya chini, imekaa kwenye namba ya Tarishi, haina habari na kufuli wala na Tarishi, haijamkosea mtu, imepewa namba imeanza kazi, na imeanza lini, imeanza baada ya umeme kurudi, wakati kufuli limewekwa kabla umeme haujakatika, basi imekwisha, aliyezaliwa baada ya kufuli hawezi kuwa ndiye aliyeliweka, mwenye kufuli amekufa, sina shaka tena, amekufa na namba yake ina mtu mwingine... naandika amri ya kufuta, neno kwa neno, naisoma kutoka mwanzo, bado kubonyeza tu, na kidole kinakaa juu ya kitufe hakishuki, sasa nini tena, nimeuliza jina, nimeuliza lini, nimejibiwa yote, ninasubiri nini.

Na simu inatetemeka tena, Baba, miwani juu ya paji la uso, na Mama Vipimo anaiangalia simu kutoka pale mlangoni, nadhani ameliona jina, anaondoa macho, anajifanya anasoma tangazo ukutani linalosema usiingie na kinywaji, na inaita, inaita, haikati, nasema moyoni samahani baba, napokea, "Haloo," na sauti ni ya mtu wa makamo hivi, nzito, ina kelele za barabarani nyuma yake, "Haloo, samahani sana, naongea na dada wa kompyuta?" nasema ndiye, anasema, "Dada, mimi hunijui, mimi ndiye mwenye hii namba, fundi wa friji, mama yako alinipa namba yako akasema nisiitumie ovyo, ila siku ambayo atakuwa kimya nikuulize wewe, na mama hajanipigia juzi wala jana wala leo, nikipiga mimi inakatika hapohapo, nikasema nisije nikakaa na hili moyoni, mzima lakini?" na mimi nimeganda, kwa sababu jambo moja limenijia palepale, inakatika hapohapo, kaka amechoka kunisubiri, amepita kwa mama ameizuia mwenyewe, na mama hakusema kitu, mama hakunipigia kushtaki, labda anadhani na mimi nilikubali, "Mzima," namwambia, "ni kaka yangu, alikuwa na wasiwasi, ameizuia namba yako." "Ana haki," anasema, "na mimi mama yangu angekuwa anaongea na mtu asiyejulikana ningefanya hivyo, basi dada, maadamu mzima, nilitaka hilo tu," na ninasikia anataka kukata, na mimi ambaye sikutaka kupokea sitaki akate, nauliza, linanitoka tu, "Kwani huwa mnaongea nini?"

"Mwanzo friji," anasema, na ninamsikia anatabasamu, "friji yake ilikuwa inamwaga maji, nikamwelekeza, kuna kitundu kule nyuma kinaziba, akazibua mwenyewe, akafurahi kweli, halafu ikawa habari za hapa na pale, halafu wewe," "Mimi?" nasema, "Wewe, dada, sijui kama nafanya vizuri kukuambia, lakini mama anasema marehemu amemzika, amemlilia, yamekwisha, anasema yeye hana deni na machozi, mwenye shida ni yule binti yangu wa kompyuta, hajalia, tangu siku ile hajalia, akija hapa anafuta vumbi kwenye ile miwani anairudisha palepale, sijui niingilie wapi, nikimgusa anasema yuko sawa, anakimbilia kazini, sasa hayo hana wa kumwambia, kaka yako angekuja kukugombeza, basi ananiambia mimi kwa kuwa sikujui, anasema kwangu mimi ni rahisi maana mimi si mtu wa humu..." na anaendelea, anaomba radhi kwamba ameingilia, anasema mungu amlaze pema mzee, namba yake nzuri, wateja wanaishika kwa urahisi, na mimi namsikia na simsikii, mama aliniona, wakati wote huo mimi namhurumia yeye kumbe yeye ananihurumia mimi, alikuwa uani kwenye kigoda anamtafutia mwanawe dawa kwa fundi wa friji, na kumbe anayeweka ulinzi kwenye nyumba ile ni mimi, mimi niliyesema miwani iachwe, mimi nisiyeifuta namba, mimi ambaye kila akija mtu na pole yake anakuta nimetundika neno moja mlangoni, niko sawa, anageuza, kwa adabu kabisa anageuza... "Dada, upo?" "Nipo," nasema, "nipo, jioni nitapita kwa mama nifungue namba yako, kaka niachie mimi, mpigie kesho," na anasema ahsante kama mtu aliyepewa kitu kikubwa, anasema kazi njema, na anakata yeye kwanza.

Nabonyeza. Halina hata sauti, mstari mmoja unaondoka, naamsha Tarishi, anaangalia, hakuti kitu, anaweka kufuli lake jipya lenye namba yake, taa inaanza kucheza, foleni inapungua, inapungua, huko juu mtu anasema kwa nguvu yanaingia, yanaingia, na Mama Vipimo anasikia, anaachia pumzi, alikuwa ameibana muda wote huo, sasa ataondoka, ana darubini yake na wasichana wake wa kuwahimiza, mikono ameshaikunjua, na mimi nimekaa vilevile, simu mkononi, kiti kilekile, joto lilelile la mashine mgongoni, nataka kumwambia tayari mama, ndiyo neno lililokuwa mdomoni, tayari, lakini linalotoka siyo hilo, "Mama," namwambia, "baba amefariki," na nalisikia likitua chumbani kama limesemwa na mtu mwingine, na machozi hayo, yanakuja bila hodi, yanaangukia kwenye vitufe, na Mama Vipimo, aliyekuwepo mazikoni, aliyekaa na mama yangu mkekani mpaka wageni wote wakaondoka, haniulizi nimepatwa na nini, anaingia ndani, anafunga mlango nyuma yake, anavuta kiti anakaa karibu yangu, ananishika bega, "Pole, mwanangu," anasema, "pole sana," taratibu, kama mtu aliyepata habari sasa hivi.